Mdogo wangu anataka tuuze shamba lake la kakao Kyela ajenge ukweni, pwani ya Pariaman, Indonesia. Naombeni ushauri

DadaWaMatema aliandika:

Wakuu, mugonile. Naombeni mnisome mpaka mwisho, jambo lenyewe ni refu na mama yangu anangoja jibu.

Mdogo wangu wa kiume, mtoto wa nne kwetu, aliondoka 2017 kwenda kusoma Padang, kisiwa cha Sumatra, kwa ufadhili wa serikali ya kule. Tulijua anarudi baada ya miaka mitatu. Hakurudi. Alipata mchumba, akasilimu, akaoa, leo ana watoto wawili wa kike. Wanaishi kwao na mke, kakijiji ka pwani wilaya ya Padang Pariaman, kaya kama sitini, bahari mbele, minazi katikati, majaruba ya mpunga nyuma. Wenyewe wanaita korong, ni kama kitongoji kwetu, na juu yake kuna nagari ambayo ndiyo kijiji. Mama alilia sana mtoto alipobadili dini, maana sisi ni Walutheri toka kwa babu. Lakini siku mkwe alipojifunza kusema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwenye simu, na mtoto wa kwanza akapewa jina la mama, moyo wake ulitulia.

Baba alifariki 2021. Kabla ya hapo alitugawia wote, wa kike kwa wa kiume, mbele ya wazee. Mdogo wangu akapata eka mbili na nusu za kakao upande wa Ipinda. Mimi ndiye ninayezitunza. Napalilia, napogolea, nachuma, navundika, naanika, nafikisha mzigo AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, mnada ukipita natoa gharama za vibarua na kinachobaki namtumia. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani tulipata fedha ambayo baba hakuwahi kuiona maisha yake yote, na tangu hapo watu wanakuja na bahasha kuulizia mashamba. Nadhani habari hizo zilimfikia. Mwezi uliopita kapiga simu: dada, uza lote, nijenge nyumba ya tofali ya vyumba vitatu kwenye kiwanja tulichopewa na mjomba wa mke wangu.

Nikamuuliza hati ina jina la nani. Akasema hati hakuna, ardhi ni ya ukoo. Ukoo wa nani, wa baba mkwe? Hapana, wa mama mkwe. Baba mkwe mwenyewe hana kitu pale.

Wakuu, hapo nilikaa chini. Mzee wa watu kaishi kwenye ua ule zaidi ya miaka thelathini, kazaa watoto watano, na hana hata mnazi mmoja wa kusema huu wangu! Nikakumbuka mambo ya 2020 wakati wa posa, wajomba wa binti walituma ujumbe wakiuliza wamchukue kijana wetu kwa kiasi gani. Yaani wao ndio watoe. Marehemu baba alisimama, akatoka nje, akarudi akasema hapokei senti, na kwamba yeye ameweka ng'ombe tayari. Ng'ombe wale hawakwenda popote, maana upande wa pili hawakuelewa wa kazi gani.

Kwenye simu ya video namuonea wivu mzuri. Usiku kuna majukwaa ya mbao baharini yamewashwa taa kuvuta samaki, kama vile karabai za wavuvi wetu wa dagaa. Asubuhi watu wanavuta wavu toka ufukweni, wanawake kwa wanaume kwenye kamba moja, na kila aliyeshika kamba anaondoka na samaki wake kwenye ndoo. Nimeona nyani aliyefungwa kamba anapanda mnazi na kudondosha nazi anazoonyeshwa. Pazuri. Lakini bahari iko karibu mno. Mimi nimekulia Matema, kando ya Ziwa Nyasa, najua maji yanavyoweza kukaa kimya miaka mingi halafu yakaja kuchukua alichokuwa nacho mtu.

Naombeni wenye kuijua nchi ile: hiyo nyumba akiijenga itakuwa ya nani? Wakiachana, au akitangulia mkewe, yeye anasimama wapi? Na mgeni anaruhusiwa kumiliki ardhi kule? Shamba niuze au nigome?

Mchuma_Chai_Mufindi alijibu:

Pole dada. Kwa ufupi usiuze. Nchi za wenzetu mgeni hamiliki ardhi hivi hivi. Kama ni lazima, anunue kiwanja kingine, aandikishe jina la rafiki mwenyeji anayemwamini, waandikiane karatasi pembeni. Wengi wanafanya hivyo.

NilikaaPadang alijibu:

Kamwene dada. Mimi ni wa Mafinga, nimeishi Padang miaka mitano, na likizo nyingi nilizimalizia Pariaman kwa familia ya rafiki yangu, kwa hiyo hicho kitongoji unachokieleza nakiona kabisa. Hata nyani. Wanaitwa beruk, wanafundishwa tangu wadogo, na mwenye nyani analipwa kwa sehemu ya nazi zilizoangushwa.

Kwanza nimwombe mkuu hapo juu aufute ule ushauri wa jina la rafiki, maana unaweza kumtia mtu hasara ya maisha. Sheria yao ya msingi ya ardhi ni Na. 5 ya 1960. Umiliki kamili, hak milik, ni wa raia peke yake, na sheria hiyo hiyo inasema mpango wowote wa kumpitishia mgeni umiliki huo, wa moja kwa moja au wa kuzunguka, ni batili na ardhi inaangukia mikononi mwa serikali. Fedha uliyolipa hairudi. Hiyo karatasi ya pembeni ndiyo itakayokuwa ushahidi dhidi yako.

Mgeni anayeishi kule kihalali anaweza kupata hak pakai, haki ya kutumia, miaka 30, ikaongezwa 20, kisha ikahuishwa 30. Na raia aliyeolewa na mgeni anatakiwa awe na mkataba wa kutenganisha mali, la sivyo mali huhesabiwa ya wote wawili na mke naye anapoteza sifa ya kushika umiliki kamili. Zamani mkataba huo ulikuwa lazima usainiwe kabla ya ndoa. Tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya 2016 unaweza kusainiwa hata ndani ya ndoa. Mwambie mdogo wako waende kwa notari, yule mwanasheria wa kuandika mikataba, wafanye hilo, wajenge wasijenge.

Lakini dada, kwenye kiwanja anachokisema yeye sheria hizo zote ni za pembeni. Kinachotawala pale ni mila. Wale ni Waminangkabau. Ukoo wao unapita kwa mama, ardhi inapita kwa mama, na ni Waislamu wa kusali swala tano. Ardhi iliyotoka kwa mabibi inaitwa pusako tinggi na haiuzwi. Hata kuiweka rehani wana sababu nne tu za kale: kuna maiti ndani ya nyumba na hakuna cha kumzikia, kuna binti aliyekomaa na ukoo hauna cha kumwozeshea, nyumba kubwa ya ukoo inavuja, au kiti cha mkuu wa ukoo kiko wazi na lazima asimikwe. Nje ya hapo, hapana. Mjomba, wanamwita mamak, anailinda na kusema nani alime wapi, lakini si yake, na watoto wake hawairithi. Wanaoirithi ni watoto wa dada zake.

Kwa hiyo aliposema "tulichopewa", ajue ni mkewe aliyepewa, tena amepewa kutumia. Yeye pale ni sumando, mume aliyekuja. Wana usemi wao kwamba sumando ni kama majivu juu ya kisiki, upepo ukivuma yanaondoka. Usidhani wanamdharau. Nimekaa nao, sumando ndiye anayepakuliwa kwanza, kahawa yake haichelewi, hakuna anayempandishia sauti. Heshima anayo, ila ardhi ndiyo hana.

Nyumba akijenga hapo ni ya mkewe, na baada ya mkewe ni ya wale mabinti. Wakiachana anatoka na nguo zake na vifaa vyake vya kazi. Nilishuhudia fundi mashua mmoja, mtu mzima, kaondoka kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake akiwa na sanduku la randa na misumeno, hakuna kelele wala mahakama. Alikwenda nagari ya jirani, kwa mama yake. Usiku ule ule dada zake walimpikia, na chumba chake kilikuwepo.

Hapo ndipo ninapotaka uniangalie vizuri, dada. Mila yao haimtupi mwanamume, kwa sababu kila mwanamume wa kule ana kwa mama yake. Ana mpunga wa dada zake anaousaidia kuvuna, ana mahali pa kulala. Ndiyo maana baba mkwe anaweza kuishi miaka thelathini bila mnazi na asikose usingizi. Mdogo wako kwa mama yake ni Kyela. Hizo eka mbili na nusu za Ipinda ndizo chumba chake. Akiziuza kujenga kule, atakuwa mtu pekee kwenye kitongoji kile ambaye hana kwao.

Na nikuambie jambo la kukufurahisha. Wajukuu wa mama yako ni wa kike. Wamezaliwa na ardhi tayari. Hakuna shemeji wala baba mdogo atakayekuja siku ya arobaini kuwatoa na kufunga mlango kwa kufuli, kama nilivyoona shangazi yangu akifanyiwa. Kwa hiyo akijenga, ajenge akijua anawajengea wanawe, na afurahi kwa hilo. Asijenge akidhani anajiwekea akiba.

Kuhusu maji umeona sawasawa. Tarehe 30 Septemba 2009 tetemeko la 7.6 lilipiga pwani ile, zaidi ya watu 1,100 walikufa, na Padang Pariaman iliumia kuliko wilaya zote. Nyumba za tofali zisizo na nondo zilikaa chini. Nyumba nyingi za mbao ziliyumba zikasimama. Kama ni tofali, basi nguzo za nondo kila kona, linta ya kuzunguka nyumba nzima, na paa jepesi la bati. Kanuni yao ya ufukwe ni angalau mita 100 toka mahali maji yanapofika yakijaa sana, apime mwenyewe kwa kamba, asikubali kuonyeshwa kwa kidole. Halafu atembee toka mlangoni mpaka kwenye mwinuko, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, aangalie saa. Mbele ya pwani ile, chini ya bahari upande wa visiwa vya Mentawai, ndiko wanakotegemea tetemeko kubwa lingine, na kijiji kizima kinajua kwamba ardhi ikitikisika muda mrefu hungoji king'ora, unakimbia.

Mpe mama salamu. Mwambie ndizi mwanawe hazikosi. Asili yake ndizi zetu ni pande zile za dunia, na wanazikaanga na kuzichemshia tui la nazi.

DadaWaMatema alijibu:

Ndugu yangu wa Mafinga, nimekusoma mara tatu, mara ya pili nikimsomea mama kwa Kinyakyusa. Ulipofika kwenye fundi mashua mama akasema, "Kumbe ana mama." Halafu akanyamaza muda mrefu.

Nina swali. Mdogo wangu anasema amefikiria kuomba uraia wa kule, kwamba akiwa raia haya ya ardhi yanaisha. Ni kweli? Na shamba la huku linakuwaje?

MzeeWaBarazaRungwe alijibu:

Mwanangu, nilikaa baraza la ardhi la kata kwa vipindi viwili, kwa hiyo nitasema ya huku, ya Sumatra nawaachia waliofika.

Akichukua uraia wa nchi nyingine akiwa mtu mzima, uraia wa Tanzania unamtoka. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 iliandika wazi kwamba asiye raia hagawiwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Shamba la Ipinda ni ardhi ya kijiji, lipo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo. Asije akasaini karatasi huko akafikiri ameongeza mlango, kumbe amefunga ule alionao. Na uraia huo haumpi pusako. Hata akiwa raia, ukoo wa mama mkwe hauwi wake.

Sasa sikiliza, hili ndilo linaloniuma. Baba yenu aligawa mbele ya wazee. Vizuri sana. Wazee wangapi bado wako hai? Je, kuna maandishi? Mashauri niliyoyaona yakivunja familia mengi yalianza na mgao safi wa mdomo, wa mzee mwema, na mrithi aliyeko mbali. Jirani anasogeza mpaka mita mbili kila msimu. Binamu anapanda migomba "kwa muda". Kakao ikipanda bei ndugu wote wanakumbuka kwamba marehemu aliwahi kuwaahidi. Usingoje. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na wazee waliobaki, shamba lipimwe, mipaka ipandwe alama, na liombewe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake yeye. Si kwa jina lako kwa niaba yake, hata kama anakuamini. Wewe ubaki msimamizi kwa barua yenye sahihi yake.

Na lako je? Umesema baba aliwagawia wa kike kwa wa kiume. Sheria zote mbili zinasema haki ya mwanamke kupata na kushika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kata hati yako siku hiyo hiyo. Nimewaona kina dada wakihangaikia haki ya kaka zao huku la kwao halina hata alama.

Kama kuna kiwanja chenu karibu na ziwa hapo Matema, msijenge cha kudumu ndani ya mita 60 toka maji. Hiyo ni Sheria ya Mazingira ya 2004. Naona wenzetu wamekwenda mita 100, na bahari yao ni kali zaidi.

Mchuma_Chai_Mufindi alijibu:

Nimeelewa, ushauri wangu wa jina la rafiki naufuta. Nilisikia kwa mtu aliyewahi kupita huko, nikaubeba bila kuuchunguza. Dada nisamehe.

DadaWaMatema alijibu:

Hakuna kosa, kaka. Ninyi nyote ndaga fijo.

Jana tumeongea naye saa nzima, mama akiwa kwenye mkeka pembeni yangu. Nilimsomea maneno ya NilikaaPadang, lile la kuwa mtu pekee asiye na kwao. Akanyamaza hata nikadhani mtandao umekatika. Akasema, "Dada, mimi siogopi kuachwa." Nikamwambia sikukupigia kukutisha ndoa yako, mkeo nampenda. Nikamuuliza, baba mkwe wako msimu wa mavuno anakuwaga wapi? Akasema anakwenda kwa dada zake wiki mbili, anavuna nao, anarudi na gunia la mchele begani. Kila mwaka. Akasema hajawahi kujiuliza kwa nini.

Mzee yule nilimfikiria vibaya kwenye swali langu la kwanza. Nilidhani ni mtu aliyenyang'anywa. Namwomba radhi, ingawa hatayasoma haya.

Tumekubaliana hivi. Shamba haliuzwi. Mavuno ya msimu huu na ujao yote yatakwenda kwake, sitakata kitu isipokuwa vibarua na dawa, na hayo ndiyo mchango wetu kwenye nyumba ya watoto. Ataanza na vyumba viwili, chini tofali na nondo, juu mbao. Kiwanja walichoonyeshwa mwanzo alikipima kwa kamba leo asubuhi, kikatoka mita 70. Kesho mkewe atamwendea mjomba wake kuomba cha nyuma ya barabara, upande wa majaruba. Anasema yeye mwenyewe haruhusiwi kuomba, lazima aombe mkewe. Uraia ameuweka pembeni, na kwa notari wana miadi.

Mimi Jumatatu nakwenda kwa mtendaji. Wazee walioshuhudia mgao walikuwa watano, wamebaki wawili, mmoja yuko Tukuyu kwa mwanawe na nimeshamtumia nauli. Nitapima la mdogo wangu na langu pamoja. Mama ameuliza kama kwenye hati ya mdogo wangu kuna nafasi ya kuandika majina ya wale wajukuu wawili, hata kwa kalamu pembeni. Mzee wa baraza, hilo linawezekana?

MzeeWaBarazaRungwe alijibu:

Pembeni kwa kalamu hapana, mwanangu. Lakini mdogo wako anaweza kuandika wosia kwa mkono wake mbele ya mashahidi, nakala moja ikakaa kwa mama. Mwambie aandike majina yao kamili kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa, na la bibi yao alilopewa yule wa kwanza alitangulize.